TSH yangu iko juu, sasa thairoidi inafanya kazi sana au imelala?

Riporti imeandika TSH 18 na pembeni kuna herufi H, yaani juu. Si ina maana thairoidi imezidi?

Hapana, kinyume chake. TSH haitoki kwenye thairoidi, ile tezi ya shingo, inatoka chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma hiyo tezi itoe homoni. Ni kama bosi na mfanyakazi mvivu, huyu akilala yule anazidisha kelele. Sasa ukiona kelele zimefika 18 jua kuna mtu amelala. Kawaida ya mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4, lakini soma kiwango kilichoandikwa na labu yako, usilinganishe karatasi ya Arua na ya shemeji aliyepimia Kampala. Alafu tafuta mstari wa FT4, hiyo ndio homoni yenyewe. TSH juu, FT4 chini, basi tezi imelegea kweli na dawa inaanza.

Na kama TSH ni 6 lakini FT4 iko sawa?

Tulia kwanza. Mara nyingi daktari anarudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, maana TSH inaweza kupanda kidogo ukitoka kuugua alafu ikashuka yenyewe. Ikipita 10, au kama una mimba ama unatafuta mtoto, hapo mambo ni mengine, usikae nyumbani. Na kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, aina ya vitamini, sema kabla ya kutolewa damu, vinaweza kudanganya mashine.

Nimepewa levothairoksini, dawa ya kujaza homoni ya tezi. Naimeza vipi?

Hapa ndio kesi nyingi zinaharibika. Unaamka, tumbo tupu, unameza na maji matupu, unangoja nusu saa mpaka saa nzima ndio unakunywa chai na kula katogo yako. Sasa mtu ameamka saa kumi na moja anawahi taksi, chai ya maziwa iko mezani inatoa moshi, anatumbukiza kidonge mdomoni anasukumia na hiyo chai, miezi inapita TSH haishuki anaanza kusema ati dawa ya Uganda ni feki. Maziwa yanazuia dawa isiingie vizuri kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, kalsiamu na dawa za asidi ya tumbo, hivyo viache mbali kwa masaa 4. Ukifunga Ramadhani, muulize daktari kuhusu kumeza usiku, kama masaa 3 baada ya kula.

Mbona mimi nimeanza na maikrogramu 25 na dada yangu anameza 100?

Uzito, umri na moyo. Mzee au mtu wa moyo anaanzishwa chini na kupandishwa polepole, akipewa nyingi ghafla moyo utamwenda mbio. Usiazime za dada.

Nimemeza wiki 2, bado nachoka, bado navaa sweta saa saba mchana hapa Kampala!

Dawa hii ni ya taratibu. TSH inapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, ukipima mapema unatupa pesa tu. Choo kigumu, ngozi kavu, baridi, vinaondoka kidogo kidogo.

Chumvi yenye madini joto haitoshi?

Chumvi hiyo inakinga, itumie, hasa kama nyumbani mlizoea ile chumvi ghafi ya ziwa Katwe. Lakini kama kinga ya mwili wako ndio inashambulia tezi, ugonjwa wa Hashimoto, chumvi haiwezi kurudisha kilichoharibika, na kumeza madini joto mengi kunaweza kuzidisha shida.

Nikijisikia poa naacha?

Umejisikia poa sababu unameza. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Ukipata mimba wahi kliniki mara moja, doze huwa inapandishwa.

Nikisahau?

Meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama siku imeshapita endelea na ya leo, usimeze mbili.