Kumwachisha kazi mtu wa siku nyingi: kisheria maana yake nini

Mtu kakaa dukani kwako miaka 14, wateja anawajua kwa majina, mzigo ulipo anapajua kuliko wewe mwenyewe, sasa biashara imeyumba au mmeshindwana tu unataka aondoke. Wengi wanadhani duka ni langu, nampa bahasha na asante yameisha. Hayajaisha. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijali udogo wa duka, ukiwa na mfanyakazi mmoja inakuhusu.

Kuachishwa kazi kihalali ni vitu viwili kwa pamoja, sababu ya msingi na utaratibu wa haki, na wa kuthibitisha ni wewe bosi, sio yeye. Sababu iwe ni nidhamu, kazi kumshinda au hali ya biashara. "Kazeeka" haimo kabisa, umri ni ubaguzi uliokatazwa. Utaratibu sasa, kama kakosea mwandikie tuhuma, mpe muda ajitetee, akitaka kuja na mwenzake aje, halafu ndo uamue, maana wengine barua imeshapigwa chapa juzi alafu kikao kinaitwa leo. Kama ni kupunguza watu, mnakaa mnajadiliana kwanza kwa nini, njia nyingine ipo au hamna, nani aende kwa kigezo gani.

Hela ndo watu wanapochanganya. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Tuseme analipwa 312,000 kwa mwezi kwa siku 6 za wiki, siku moja inakuja kama 12,000, mara siku 70 ni 840,000, ile miaka 4 ya juu haihesabiwi (mimi naona ni uonevu ila ndo sheria). Akifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Halafu kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au hela yake, likizo ambazo hajaenda, mshahara wa siku alizofanya na cheti cha utumishi. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni kitu kingine, usimkate humo.

Mtego mwingine ni nauli. Kama ulimuajiri Singida ukamleta Dar, kumrudisha na mizigo yake ni juu yako, na posho ya kujikimu inahesabika kila siku mpaka umsafirishe, yaani ukikaa kimya wiki sita deni linakua lenyewe.

"Ila huyu hana mkataba, ni kibarua tu." Haikusaidii, mtu akikufanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 anachukuliwa ni mfanyakazi wako mpaka uthibitishe vinginevyo, na kutoandika ni kosa lako wewe.

Akiona kaonewa ana siku 30 za kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wanaanza na usuluhishi, mkishindwana inaamuliwa, na hapo anaweza kurudishwa kazini au ukalipa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, hiyo ni mbali na zile stahiki zake za juu.