Miyajima: kisiwa cha kwenda na ratiba ya maji mkononi

Wengi wanaopanga kwenda Miyajima huuliza mwezi gani ni mzuri: Aprili micheri ikichanua, au Novemba majani yakiwa mekundu? Mimi ni mhandisi wa ujenzi wa pwani, kwa hiyo huwarudishia swali jingine: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?

Kisiwa hiki, ambacho jina lake rasmi ni Itsukushima, kiko katika Bahari ya Ndani ya Seto, mkoani Hiroshima, Japani, mwendo wa feri wa dakika 10 kutoka Miyajimaguchi. Wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mtu wa Unguja hilo halimshtui. La kushangaza ni kwamba kwenye mchanga huohuo unaofunikwa na bahari mara mbili kwa siku, watu walijenga hekalu la mbao.

Sababu imo kwenye visa vya miungu. Kojiki, kitabu cha mwaka 712, kinasimulia kwamba Susanoo, mungu wa dhoruba, alipopanda mbinguni, dada yake Amaterasu, mungu wa jua, hakumwamini. Wakala kiapo pamoja. Amaterasu akauchukua upanga wa mdogo wake, akauvunja vipande vitatu, akavisuuza, akavitafuna, na katika ukungu wa pumzi yake wakazaliwa miungu watatu wa kike. Hao ndio wanaoabudiwa hapa, walinzi wa wasafiri wa baharini. Kisiwa chenyewe kilihesabiwa kuwa kitakatifu, hivyo haikufaa kukata miti yake wala kuchimba ardhi yake kuweka nguzo. Zamani mja mzito aliyekaribia kujifungua alivushwa bara, na maiti pia ilivushwa, maana kuzaliwa na kufa vilikuwa mwiko kisiwani. Pakabaki ufukweni. Taira no Kiyomori, mbabe wa vita aliyetajirika kwa biashara ya baharini, alilipa hekalu sura yake hii mnamo 1168, na majengo yaliyorudiwa baadaye yamefuata sura hiyo.

Ukiingia kwenye njia zenye paa, usikimbilie kupiga picha. Inama utazame sakafu. Kati ya ubao na ubao pameachwa mwanya mwembamba, na maji yakijaa utayaona yakimetameta chini ya miguu yako. Tufani inapoyasukuma maji juu, yanapenya kwenye mianya hiyo badala ya kuing'oa sakafu nzima. Hata hivyo bahari haijashindwa moja kwa moja. Tufani ya 1991 iliangusha jukwaa la Noh, maigizo ya kale ya Kijapani, na ya 2004 ikabomoa chumba kimoja cha wanamuziki upande wa mbele. Ukumbi mkuu, ulio nyuma kabisa, ulibaki umesimama. Kwangu mimi huo ni ujenzi hodari: cha mbele kinapigwa ili cha nyuma kisalie.

Lango kubwa jekundu lililosimama baharini mbele ya hekalu nalo halikuchimbiwa. Hili la sasa lilisimamishwa mwaka 1875, lina kimo cha zaidi ya mita 16 na uzito wa tani 60 hivi. Nguzo zake kuu mbili ni magogo ya mti wa kafuri, zinasaidiwa na nguzo ndogo nne, na zote zimeketi juu ya vigingi vya msonobari vilivyoshindiliwa kwenye tope. Boriti ya juu ina uwazi ndani, uliojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi ili kuongeza uzito. Maji yakipwa chini ya sentimita 100 kwenye ratiba, unaweza kutembea hadi miguuni pake. Usichomeke sarafu kwenye nyufa, tafadhali, mbao zinaumia.

Hatari nyingine hutoka mlimani. Mwezi Septemba 1945, mwezi mmoja na kidogo baada ya bomu la Hiroshima, tufani ilishusha matope na mawe kwenye bonde la Momijidani hadi ndani ya hekalu. Kati ya 1948 na 1950 mto wa bonde hilo ulitengenezwa upya kwa masharti ambayo ningependa kuyaona kwenye kandarasi zetu: mawe makubwa yasipasuliwe, miti isikatwe, saruji isionekane. Wakaajiriwa watunza bustani. Leo watu wanapita pale wakidhani ni kijito tu, kumbe wanapita juu ya kazi ya kuzuia mafuriko.

Juu yake kuna Misen, mlima wa mita 535, na sehemu ya msitu wake wa asili imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1996 pamoja na hekalu. Kulungu wa mjini ni wazuri lakini wanakula karatasi, kwa hiyo ficha tiketi na ramani. Watalii wengi hawajui kwamba pwani ya upande wa pili wa kisiwa ina vinamasi vya maji ya chumvi vyenye kerengende ambaye kwa Japani nzima anapatikana eneo hili tu.

Kwa ratiba, tafuta siku ambayo maji yanapita sentimita 250 asubuhi. Hapo hekalu linaelea. Kati ya kujaa na kupwa kuna kama saa 6, zinazotosha kupanda Misen, kushuka, kula chaza wa kuchoma na kuliendea lango kwa miguu. Nauli ya feri ina yen 100 za kodi ya mgeni, iliyoanza Oktoba 2023.