Mkunjo wa Kilimanjaro: namna ya kusoma ramani ya kisiasa

Ramani ya kisiasa ni ile tuliyoizoea ukutani darasani, kila nchi na rangi yake. Milima na mabonde si kazi yake. Kazi yake ni kuonyesha eneo hili liko chini ya mamlaka ya nani, na mamlaka hayo yanaishia wapi. Ukienda porini kuutafuta mstari wake huuoni, labda ukutane na nguzo ya zege. Mstari huo ni makubaliano ya watu, na kwangu mimi utamu wa ramani hizi uko hapo: penye mkunjo, ujue kuna mtu alivutia kwake.

Chukua mpaka wa Kenya na Tanzania. Unaanzia pwani karibu na Vanga, unapanda kaskazini-magharibi umenyooka kama uliopigwa rula, na kweli ulipigwa rula. Ukifika Ziwa Jipe unavunjika. Unaizunguka Taveta, unalikata Ziwa Chala, unaupita Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria.

Wengi tumesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa mlima huo mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka huo mwaka 1886. Wilhelm alitawazwa 1888. Ukweli ni habari ya karatasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia ardhi Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Jühlke akapata mkataba kwa Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Wakubwa walipogawana, kila upande ulishikilia chake, na mstari ukapita katikati ya Taveta na Uchagani. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye naye alidai bara hilo, aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Kwa hiyo mkunjo ni alama ya mvutano. Mstari ulionyooka nao una habari yake: hapo hakuna aliyeulizwa. Kutoka Kilimanjaro hadi ziwani rula ilipita juu ya malisho ya Wamaasai, ikawaacha huku na huku, na Wakuria vivyo hivyo, wengine Tarime, wengine upande wa Kenya. (Nyumbu wa Serengeti wanavuka kwenda Mara kila mwaka bila kugongewa muhuri.)

Rula hiyo haikuishia ufukweni. Mkataba wa 1890 uliupeleka mpaka moja kwa moja juu ya maji, ukifuata latitudo ya digrii 1 kusini, hadi ng'ambo ya magharibi, ambako leo Tanzania inapakana na Uganda. Huko kuna Mto Kagera, ambao ungeweza kuwa mpaka, lakini unapita kusini ya mstari. Kipande cha ardhi kilichobaki kati ya mto na mstari kikawa cha Tanzania. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikivamia, naye akatangaza kwamba sasa mpaka ni mto. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Fungua ramani ya Mkoa wa Kagera uone: mstari juu, mto chini, na katikati yake sehemu kubwa ya Wilaya ya Missenyi.