Je, wajua kwa nini jiji la pwani huwa na hali mbili za hewa kwa siku moja?

Alfajiri jani halitikisiki. Ikifika saa tano asubuhi jua linawaka mpaka lami inachoma. Nusu saa baadaye upepo umegeuka, unatoka baharini, na joto limeshuka nyuzi tatu au nne. Alasiri mvua inapiga mitaa ya bara huku walio ufukweni wakiyatazama mawingu kwa mbali. Hakuna dhoruba iliyopita, wala jambo hili halihusiani na maji kujaa na kupwa. Ni nchi kavu na bahari kupata joto kwa kasi tofauti.

Maji ni mazito kupasha. Ili kilo moja ya maji ipande nyuzi 1 ya Selsiasi inahitaji karibu kilojuli 4.2 za nishati, ilhali kilo moja ya mchanga mkavu inatosheka na kama kilojuli 0.8. Tena miale ya jua hupenya maji kwa mita kadhaa na mawimbi yakayakoroga, hivyo joto hugawanyika kina kirefu. Mchanga hupata joto juujuu tu: unaunguza nyayo, lakini ukiufukua kina cha kiganja unakuta ubaridi. Ndiyo maana uso wa bahari, kati ya usiku na mchana, mara nyingi haubadiliki hata kwa nyuzi 1, wakati lami na mabati hupanda kwa makumi.

Hewa iliyo juu ya nchi kavu ikipata joto hutanuka na kupaa. Mgandamizo wa hewa pale chini hupungua kidogo sana, kiasi cha hektopaskali 1 hivi (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo), na kidogo hicho kinatosha kuvuta hewa ya baharini ije kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa bahari. Kwa kawaida huanza kati ya saa nne na saa sita, huwa na nguvu zaidi saa nane hadi saa kumi alasiri, kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 25 kwa saa, kisha hufifia jua linapotua. Huko Perth, Australia, upepo huu una jina lake kabisa, Fremantle Doctor, yaani Daktari wa Fremantle (mji wa bandari wa hapo), kwa jinsi unavyowapa watu nafuu baada ya joto. Usiku wa manane mambo hugeuka: nchi kavu imepoa kuliko bahari, na upepo dhaifu hutoka bara kwenda majini hadi asubuhi.

Na mvua ya mtaa mmoja? Upepo wa bahari huingia kama kabari ya hewa baridi, nzito, inayotambaa chini na kuisukuma juu hewa ya moto iliyo mbele yake. Pale zinapokutana, mawingu meupe hurundikana kwa mstari unaoenda sambamba na pwani. Mstari huo husogea bara, kilomita 20, 30 au zaidi, na mvua hudondoka ulipofika. Nyuma yake, yaani ufukweni, anga hubaki bila mawingu. Katika visiwa vya Tiwi, kaskazini mwa Australia, pepo za pande tofauti hukutana katikati ya kisiwa na kwa miezi kadhaa ya mwaka huzaa wingu la radi karibu kila alasiri. Limezoeleka hata likapewa jina: Hector.

Ratiba hii huvurugika. Siku ya mawingu mazito nchi kavu haipati joto la kutosha na upepo hauji. Siku nyingine upepo mkubwa kutoka bara huuzuia usiingie, na hizo ndizo siku za joto kali kuliko zote pwani. Zina hatari nyingine: bahari karibu na ufuko hutulia kama kioo, mtu anaingia na boya la kupulizia, na upepo unamsukuma kimyakimya kwenda kilindini.

Tuje kwenye kamba ya nguo. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 90 hubeba karibu gramu 20 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 32 ina uwezo wa kubeba karibu gramu 34, kwa hiyo unyevu hushuka chini ya asilimia 60 bila mvuke wowote kuondoka. Anika kuanzia saa tatu asubuhi, acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, na anua kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukizisahau, hewa ikipoa pamba hunyonya unyevu upya, na taulo ulilolikunja likiwa "karibu kavu" litanuka uvundo kabatini.

Chumvi nayo ina mchango wake. Mapovu ya mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, yakikauka hubaki punje za chumvi zinazopeperuka mjini. Unyevu hewani ukipita asilimia 75, punje hizo huvuta maji na kuyeyuka. Ndiyo maana vioo vinanata na bawaba hushika kutu hata pasiponyesha. Kufuta kwa kitambaa kikavu ni kuisambaza chumvi tu. Tumia maji yasiyo na chumvi, kisha kausha.

Kwa madirisha, mchana fungua la upande wa bahari pamoja na la upande wa pili, na tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Dirisha moja peke yake halisaidii sana, maana hewa haina pa kutokea. Muda mgumu ni saa mbili hadi saa tano usiku: upepo wa bahari umekwisha, wa bara haujaanza, na kuta zinatoa joto zililolihifadhi mchana. Hapo feni iliyoelekezwa nje dirishani husaidia, mradi dirisha jingine liwe wazi.

Utabiri wa simu, mwisho, usiutegemee kwa mtaa wako. Kompyuta za utabiri wa dunia nzima hukata ramani kwa miraba, na kwa nyingi mraba mmoja una upana wa kilomita 9 hivi au zaidi. Mraba mmoja waweza kumeza ufuko, katikati ya jiji na kipande cha bahari, kisha ukatoa kiwango kimoja cha joto kwa wote.