“Shetani Alinipitia”: Hisia, Kujitawala na Ukatili wa Kingono

Katika mazungumzo na wanaume waliotenda ukatili wa kingono, sentensi moja hujirudia mno: “Shetani alinipitia.” Wazee wanapokaa kikao cha kuyamaliza nyumbani huipokea upesi, kwa kuwa humpunguzia kijana wao lawama na kuuacha ukoo na amani yake. Saikolojia haina ugomvi na imani ya mtu, ila ina swali dogo: huyo shetani alijuaje kusubiri mpaka mama mwenye nyumba aende sokoni Mwanjelwa?

Mtu aliyechagua saa, mahali na mtoto asiyethubutu kusema, kisha akamtisha ili anyamaze, hakushindwa kujitawala. Alijitawala barabara, kwa nia mbaya. Mwaka 1998 watafiti Tony Ward na Stephen Hudson walionyesha kuwa njia za kufikia kosa hili hutofautiana: wako wanaoshindwa kujizuia, wako wanaojaribu kujizuia kwa mbinu zinazowaharibia zaidi, kama vile kunywa pombe, na wako wanaopanga kwa utulivu kamili.

Kwa makundi mawili ya kwanza, namna mtu anavyozikabili hisia zake ni jambo zito. Mwaka 2001 Franca Cortoni na William Marshall walichapisha utafiti uliowalinganisha wafungwa, wakaona kwamba waliotenda makosa ya kingono walikuwa wepesi zaidi kukimbilia ngono, kwa vitendo au kwa njozi, kila walipobanwa na msongo. Naye James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kuwa anayeficha hisia usoni haipunguzi moyoni, na mwili wake huendelea kuhangaika, ilhali anayelitazama upya jambo lenyewe, akajiuliza lina maana gani hasa, hupoa kwa kweli.

Kijana wa huku kwetu hufundishwa njia ya kwanza tu: kaza moyo. Ukimuuliza alijisikiaje msichana alipomkataa, atajibu “nilikasirika” na kuishia hapo. Katika kikao kimoja na madereva wa bodaboda wa Uyole tuliwaomba watafute neno jingine, lolote lile. Walinyamaza kwa muda mrefu, mmoja akikwangua tope la kiatu chake kwa funguo ya pikipiki, mwisho akasema, “Niliona aibu. Wenzangu walikuwa wanaangalia.” Aibu hutafutiwa dawa nyingine kabisa, tofauti na hasira, na asiyeweza kuitaja ataishia kuilipizia kwa aliyemkataa.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani kuwa mafunzo ya kutuliza hasira yanatosha. Utafiti wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2013, uliowahoji wanaume zaidi ya 10,000 katika nchi sita za Asia na Pasifiki, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya waliokiri kubaka walitaja sababu inayotokana na kujiona wana haki juu ya mwili wa mwanamke, atake asitake. Hasira na nia ya kuadhibu zilitajwa na wachache zaidi, pombe kadhalika. Ulanzi wa Iringa basi hulegeza breki, lakini haumpi mtu imani ambayo hakuwa nayo kabla ya kunywa. Zaidi ya nusu ya hao waliokiri kubaka walianza wakiwa bado vijana chini ya miaka 20, ndiyo maana mazungumzo haya tunayapeleka shule za sekondari kabla ya kuyapeleka magerezani.

Kikao cha ukoo nacho kina gharama nyingine ambayo wazee wengi hawaihesabu. Dawa za kumkinga aliyebakwa na maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linahitaji ushahidi ambao maji ya kuoga huusafisha, huku wajomba wakiendelea kusubiriwa kutoka Tukuyu.