Usipime bahari kwa uzito wa chupa, angalia nani yumo

Ukiniletea chupa mbili za zuplanktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea baharini, zenye uzito sawa ukaniuliza wapi bahari ina afya, sikujibu mpaka niziweke chini ya hadubini. Uzito unadanganya sana. Moja inaweza kuwa imejaa yavuyavu wadogo ambao karibu mwili mzima ni maji, nyingine kopepoda, hawa jamaa zake kamba na kaa, na kwa dagaa hiyo ya pili ndo msosi wenyewe.

Huku kati ya Unguja na bara tunakokota wavu wa matundu ya maikromita 200, yani moja ya tano ya milimita, na mdomoni kunafungwa kipimo cha maji yaliyopita, bila hicho idadi yako haina maana. Alafu maabara, tunagawa sampuli, tunamimina kwenye trei, tunahesabu. Hapo ndo napapenda. Jike la Oithona, aina ya kopepoda, unalijua fasta, dogo, jembamba, limebeba vifuko viwili vya mayai huku na huku ya mkia, na nikiona majike mengi yana mayai najua chakula kipo, yakiwa matupu msimu ambao yangetakiwa kuzaa naanza kupata wasiwasi hata kama kipimajoto hakijasema kitu.

Mfano mkubwa ni Bahari ya Kaskazini kule Ulaya, ambako meli za kawaida zinakokota kifaa cha kunasia planktoni tangu 1931, kazi aliyoianzisha mwanasayansi wa bahari Alister Hardy. Kopepoda Calanus finmarchicus wa maji baridi alipungua, akashika nafasi Calanus helgolandicus anayependa joto, na hawa wawili wanafanana mno, mpaka uchambue mguu wa tano uone ukingo wa ndani umepinda kiasi gani. Mtu atasema mguu tu huo! Lakini huyu wa baridi anajaa msimu wa machipuko, wakati watoto wa samaki aina ya kodi wanahitaji kula, mwenzake anajaa baadaye, washachelewa.

Kwetu maji yanabadilika kusi na kaskazi, na usiku planktoni wengi wanapanda juu, kwa hiyo ukipewa takwimu za pwani hii uliza kwanza ni msimu gani, saa ngapi, na wavu gani, maana kwenye huo wa 200 Oithona wengi wanapenya, ukiwataka hasa shuka mpaka matundu ya 100 au chini.