Je, wajua kwa nini gari hufeli breki mteremkoni wakati breki zake ni nzima?

Gari likipinduka kwenye mteremko wa Milima ya Usambara mkoani Tanga, kutoka Lushoto kuja Mombo, neno la kwanza kusikika ni "limefeli breki". Baadaye fundi akilifungua anakuta pedi zipo, mafuta ya breki yapo kwenye kikopo, na hakuna bomba lililopasuka. Akikanyaga pedali, inashika vizuri tu. Sasa kilichofeli ni nini?

Ni joto, na kufika kwa fundi limeshapoa.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, inapopita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, iko chini yake kwa zaidi ya mita 900. Katikati kuna kilomita 33 hivi za lami nyembamba inayopita Soni, kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Fuso yenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo, ikishuka kimo hicho, huzalisha nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji. Nishati hiyo lazima imezwe na kitu. Dereva akitumia gia ndogo, sehemu kubwa inamezwa na injini na kutolewa na rejeta na ekzosi. Akishuka na gia kubwa huku mguu umelala kwenye pedali, karibu yote inaingia kwenye dramu na diski za breki.

Hapo mambo matatu hutokea, na kila moja lina dalili yake mguuni. La kwanza ni lainingi za brekishuu na pedi kuungua. Gundi iliyozishikilia huanza kutoa gesi, msuguano unapungua, na pedali inabaki ngumu kabisa huku gari likiendelea kwenda. La pili ni dramu kutanuka kwa joto na kuikimbia brekishuu iliyo ndani yake, hivyo pedali inazidi kwenda chini kabla ya kushika. La tatu ndilo baya zaidi kwa magari madogo, Hiace na mengine yote yanayotumia mafuta ya breki: mafuta yenyewe kuchemka. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Mapovu yakishaingia kwenye bomba, pedali inalainika na kugusa sakafu bila kusukuma kitu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, na fundi anasema breki nzima.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205. Shida ni kwamba yananyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ya Tanga haina ubahili wa unyevu. Yakishafikisha maji asilimia 3.7 huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230, na yakinyonya maji kiasi hicho hushuka hadi 155. Kwa hiyo kuyaongeza yakipungua hakutoshi. Yamwagwe yote na kuwekwa mapya kila baada ya miaka 2, na chupa iliyokaa wazi stoo isitumike. Mafuta yaliyobadilika rangi yakawa kama chai ya rangi yamepitwa na wakati, hata kama kikopo kimejaa.

Turudi kwenye gia. Madereva wengi wanaijua ile kanuni kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ni kanuni nzuri, ila Usambara inadanganya, maana huku magari ya mizigo hupanda matupu na kushuka yamejaa viazi, kabichi na karoti. Gia iliyotosha kupandisha Fuso tupu haitoshi kuishikilia ikiwa na tani kadhaa mgongoni. Ukishapakia, shuka na gia moja chini ya ile uliyopandia, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Gari likishachanganya mwendo, gia ndogo inaweza kukataa kuingia, ukabaki huna gia yoyote. Injini kulia kwa sauti kubwa kusikutishe, ilimradi mshale wa geji ya mzunguko wa injini haujafika kwenye mstari mwekundu.

Breki nayo isikanyagwe kwa mguu wa kulala. Kama mwendo salama wa sehemu hiyo ni kilomita 30 kwa saa, acha gari lifike 30, kanyaga kwa nguvu ya wastani kama sekunde 3 hadi lishuke karibu 20, kisha achia kabisa. Muda ule wa kuachia ndio vyuma vinapata kupumua.

Kwenye lori la breki za upepo kuna mtego wa ziada. Kukanyaga na kuachia haraka haraka kunamaliza upepo kuliko kompresa inavyoweza kujaza. Geji ya upepo ikiwa bar 7 hadi 8 uko salama. Ikikaribia 4, king'ora kinalia, na hapo unatafuta pa kusimama, hubishani nacho. Breki ya ekzosi, ile inayobana njia ya moshi ili injini izuie gari, kama ipo, iwashwe mapema, nayo hufanya kazi vizuri injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Wapo wanaoizima eti inachosha injini. Inachosha injini kidogo kuliko bonde la Soni.

Gari dogo la otomatiki huonewa kwa njia nyingine: dereva anaacha gia kwenye D kutoka Lushoto mpaka Mombo. Zile herufi 2 na L, au S na B kwenye mengine, ziliwekwa kwa ajili ya milima kama hii. Lenye kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya mwendo mrefu), kizime kwanza. Kuweka fri (nyutro) ili kubana mafuta ni hesabu mbovu, kwa sababu magari mengi ya sasa yakiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye pedali ya mafuta hukata mafuta kabisa, wakati kwenye fri injini inayanywa ili isizime. Kuzima injini ndiyo hatari kubwa zaidi: pedali ya breki inakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, na usukani unaweza kujifunga.

Bodaboda wengi huiogopa breki ya mbele na kuchosha ya nyuma. Gari au pikipiki ikifunga breki, uzito unahamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo wa kusimamisha. Shuka na gia namba 2, usibane klachi, tumia breki zote mbili kwa pamoja, na punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Kwenye kokoto, breki ya mbele ishikwe kwa vidole viwili, taratibu.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi kwenye gurudumu, simama penye nafasi. Weka gia, weka mawe kwenye matairi, subiri nusu saa au zaidi. Usimwage maji, dramu ya moto hupasuka. Hendibreki nayo usiitegemee, maana breki zikipoa kushika kwake hubadilika na gari linaweza kuteleza.

Pedali ikishazama gari likiwa mwendoni, ipige haraka mara nne au tano ili kukusanya mgandamizo, shusha gia moja moja, vuta hendibreki kidogo kidogo ukiwa umebonyeza kitufe chake ili magurudumu ya nyuma yasikwame. Ikishindikana kabisa, liegemeze gari ubavu kwenye ukingo wa mlima au kwenye mtaro wa upande huo. Bodi inanyooshwa.

Ukifika Mombo salama, zunguka gari kabla ya kuendelea. Sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Yote yanatakiwa kuwa na joto linalokaribiana, ya mbele yakizidi kidogo. Madereva huhangaikia lile linalofuka, lakini la kuogopwa zaidi ni lililo baridi: hilo halifungi breki kabisa, na mzigo wake umebebwa na mengine njia nzima. Fundi aanze na hilo: kama kuna mafuta yanayovuja kwenye silinda ya gurudumu, au kama brekishuu imelegea ikahitaji kukazwa.